Mpira wa Baada ya Laasiri

 

Haya nawaandikia nyinyi wanafunzi wenzangu. Nasema wenzangu ingawa sasa mimi ni mwalimu, kwa kuwa mkeka niliokalia nikiwa mdogo ndio huu huu mnaoukalia nyinyi. (Mkeka wenyewe umeshabadilishwa mara nyingi, lakini pahala ni pale pale.) Kamati ya jarida imenitaka niandike juu ya michezo na namna inavyoweza kuwakutanisha watu wa mtaa. Nadhani walitaka niorodheshe faida za michezo. Faida hizo mnazijua, tena kila mwaka kuna mtu anaziandika humu. Mimi nitakuelezeni jambo moja lililotokea hapa hapa chuoni kwetu mwaka 2003, nilipokuwa na umri wa miaka 16. Kwa muda mrefu sikupenda kulisema, kwa sababu aliyekosa ni mimi.

Wakati huo Maalim wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuupenda mpira. Hakusema ni haramu, lakini kila akiuona alikunja uso. Alikuwa na sababu. Vijana walitoka skuli wakapitiliza uwanjani, sala ya Laasiri ikawapita, na Magharibi wakaiwahi mwishoni, wamejaa mchanga na kanzu wamezikunja kwapani. Na matusi ya uwanjani yalikuwa yanafika mpaka barazani kwa wazee. Ndugu zangu, mpira wenyewe haukuwa na kosa, ila sisi tuliufanya uonekane nao.

Aliyetupatia njia alikuwa mzazi mmoja, mvuvi wa pale Malindi. Alimwambia Maalim, “Maalim, ukiukataza wataucheza mbali na wewe. Ukiuweka mkononi mwako watakuja kukuomba.” Maalim akafikiri siku mbili tatu. Kisha akanunua mpira, mpira wa kweli wa ngozi, akaufungia katika kabati la chuo, rafu ya chini kabisa, misahafu ikiwa juu. Mpira ulitoka baada ya sala ya jamaa ya Laasiri na kurudi kabla ya adhana ya Magharibi. Aliyeikosa Laasiri haugusi. Aliyetukana anakaa nje siku tatu. Wiki ya kwanza tu safu za Laasiri zikafika mlangoni. Maalim akasema, “Sijui wamekuja kwa Mola wao au wamekuja kwa mpira, lakini wamekuja.”

Tulikuwa tukicheza Maisara, na siku ambazo Maisara imejaa tulikwenda Mnazi Mmoja. Wageni wa mji huu huenda hawajui kwamba zamani palikuwa na hori ya bahari iliyoingia ndani na kuutenga Mji Mkongwe na upande wa pili, na ndiyo maana upande wa pili ukaitwa Ng’ambo. Hori ile ilifukiwa katika karne iliyopita, na viwanja vya Mnazi Mmoja viko mwishoni mwake. Wazee wetu wametusimulia kwamba wakati wa Mwingereza kila watu walikuwa na klabu yao ya michezo kwa kufuata asili zao, hawa kwao na wale kwao. Mimi nilipokuwa nikikimbia pale sikuwa nafikiri habari hizo. Lakini sasa nikipita naona ni jambo la ajabu kidogo, kwamba maji yaliyowatenga watu yakafukiwa, na juu yake wakacheza watoto wa pande zote mbili.

Timu yetu ilikuwa na kila aina ya mtoto. Alikuwamo mtoto wa mwenye duka Darajani, watoto wa wavuvi, mtoto wa muuza makaa, na wawili ambao baba yao alitoka bara akawa mlinzi wa usiku. Uwanjani tulipeana pasi. Nje ya uwanja, nasema kweli, hatukuwa tukiingia majumbani mwa wenzetu. Mama wa mmoja wetu aliwahi kumwambia mwanawe mbele yetu, “Huyo wa makaa usimlete ndani, atanichafulia mapazia.” Tulicheka sote, hata mwenyewe wa makaa alicheka, naye alikuwa msafi kuliko mimi.

Katika mwaka huo aliletwa chuoni kijana mmoja na bibi yake, wametoka Pemba. Kijana hakuwa akisikia. Aliugua homa kali alipokuwa mdogo, na ilipoondoka ikaondoka na masikio yake. Jina lake sitaliandika, mwenyewe ameniomba nisiliandike, na mwisho wa makala hii mtaona kwamba bado tunaonana. Sisi tulimwita Bubu. Hilo ndilo lililokuwa jina lake kwetu, kana kwamba bibi yake hakumpa jina jingine. Aya ya 11 ya Suratul Hujuraat, inayotukataza kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli, tulikuwa tumeshaihifadhi. Mimi niliisoma mbele ya wageni siku ya khitma nikapewa zawadi. Nikashuka jukwaani nikamwita Bubu anipishe njia.

Darasani aliwekwa nyuma pamoja na watoto wa alifu bee, si kwa ubaya wa Maalim, bali kwa kuwa hakuna aliyejua la kufanya. Kusoma kwetu kulikuwa kwa sauti. Mwalimu anasoma, sisi tunaitikia, na nyumba nzima inavuma. Yeye alitazama midomo. Lakini mkono wake, subhanallah! Alinakili herufi kwa kalamu ya wino kama aliyefundishwa na mabingwa. Katika sala alisimama kati ya wawili, na akiwa sijdani aliweka kiganja karibu na mwenziwe ili ahisi anapoinuka. Hili nililigundua baadaye sana, niliposali pembeni yake.

Uwanjani alikuwa anakaa chini ya mkungu akituokotea mpira. Siku moja tulipungukiwa na mtu mmoja, na refa wetu, kaka mmoja fundi baiskeli, akamwashiria aingie. Nikamweka beki wa kulia kwa kuwa huko hakukuwa na kazi nyingi. Basi upande ule haukupitika tena. Mtu asiyesikia, ndugu zangu, anaona. Sisi tulikuwa tunageuka tukiitwa, yeye alikuwa ameshageuka. Alimtazama winga magotini, akajua anakwenda wapi kabla mwenyewe hajaamua. Tangu siku hiyo akawa wetu, mpaka jezi akapewa, namba 2.

Tatizo lilikuwa filimbi. Refa akipuliza, sisi tunasimama, yeye anaendelea. Mara nyingine ilichekesha, anakwenda na mpira peke yake huku watu ishirini wamesimama. Lakini katika mechi moja alimvaa mtu aliyekwisha kusimama, wakaanguka wote wawili, na wenzao wakadhani ni uchokozi. Palikaribia kupigwa ngumi. Na katika mwezi ule wa Juni tulikuwa na mashindano ya madrasa sita, mshindi anapata mbuzi. Tukafika nusu fainali. Mimi ndiye nahodha.

Usiku wa kuamkia mechi nilifikiri sana. Binamu yangu alikuwa amekuja likizo kutoka Dar es Salaam, ana njumu mpya, na anajua mpira kiasi chake. Nikajiambia kwamba nikimwacha Bubu tunaweza kupewa penalti ya bure kwa sababu ya filimbi. Hiyo ndiyo sababu niliyowapa wenzangu, nao wakakubali. Sababu ya pili sikuisema, nayo ni kwamba nilitaka watu wamwone binamu yangu. Asubuhi nikampa jezi namba 2.

Yeye sikumwambia. Nitamwambiaje, nilisema, wakati hasikii? Tazameni jinsi nafsi inavyojipatia udhuru. Nilijua kumwashiria aje, aende, arushe, alete maji. Kumwashiria kwamba leo huchezi, hiyo ndiyo nikasema siiwezi.

Alikuja uwanjani mapema, amefua kaptura yake, amefunga kamba za viatu vya raba mara mbili. Akamwona binamu yangu na jezi. Akahesabu watu. Nilimwona akihesabu kwa kidole, mmoja mmoja, mpaka kumi na moja. Kisha akanitazama mimi, nami nikainama kufunga kiatu ambacho kilikuwa kimeshafungwa. Nilipoinua kichwa alikuwa anaondoka kwa njia ya baharini.

Tulishinda mechi ile mabao mawili kwa moja. Binamu yangu hakucheza vibaya.

Siku ya pili yule kijana hakuja chuoni. Wala ya tatu. Ilipotimia wiki, bibi yake alikuja kwa Maalim, amejitanda buibui, amesimama mlangoni hataki kukaa. Mimi nilikuwa ndani nasomesha wadogo. Akasema, “Maalim, mjukuu wangu hataki chuo. Nimemuuliza kuna nini, ananionyesha mpira, ananionyesha kifua, kisha anafanya hivi,” akapangusa viganja, kama mtu anayesema basi, yamekwisha. “Mimi sikumleta kucheza mpira, nimemleta asome. Sasa mpira umemtoa na kwenye kusoma.”

Maneno haya ndiyo yaliyonipiga. Mimi nilidhani nimemtoa kwenye timu. Kumbe pahala pekee ambapo alikuwa mtu miongoni mwa watu palikuwa pale, na nilipompokonya pale, na chuo hakikuwa na maana kwake. Nani angependa kwenda kukaa nyuma na watoto wa miaka mitano, kama hana hata saa moja ya jioni ambayo wenziwe wanamhitaji?

Maalim hakunipiga, ingawa enzi hizo bakora ilikuwapo. Baada ya Isha alichukua tochi yake akaniambia, “Twende.” Njia nzima kutoka chuoni hadi nyumbani kwa bibi hakusema kitu. Tulipofika karibu akakaa kwenye baraza ya watu, akaniambia nikae, akanisimulia habari iliyopokewa na Salama bin Al-Akwaa (R.A.), na ambayo Imam Bukhari ameipokea. Kwamba Mtume (S.A.W.) aliwapitia watu wa kabila la Aslam wanashindana kulenga mishale. Akawahimiza, akawakumbusha kwamba baba yao Nabii Ismail alikuwa mlengaji, na akasema yeye yuko upande wa kundi moja. Kundi la pili likasita, likaacha kurusha. Alipowauliza kwa nini, wakasema watarushaje ilhali yeye yuko na wale wengine? Hapo akawaambia warushe, yeye yuko pamoja nao wote.

Maalim akanyamaza kidogo. Kisha akasema, “Wale hawakuvunjika mikono. Mikono yao ilikuwa mizima na pinde wanazo. Walivunjika moyo kwa sababu walijiona wako nje. Na Mtume hakuwaambia jikazeni. Aliwaingiza ndani. Wewe mwenzako umemfanya nini?”

Sikuwa na jibu. Tukapiga hodi.

Mimi sikujua namna ya kumwomba radhi mtu asiyesikia. Bibi yake ndiye aliyenifundisha pale pale ukumbini. Kwao, mtu akitaka kusamehewa huweka kiganja kifuani, kisha hunyoosha mikono miwili mbele kama anayeomba dua. Nikafanya. Nikamkunjulia na jezi namba 2, niliyokuwa nimeifua. Kijana akaitazama jezi, akanitazama mimi, akaichukua, akaiweka juu ya kiti kilicho karibu yangu, akaingia chumbani. Nikahisi masikio yananiwaka moto. Bibi akasema, “Mwache, mwanangu. Na yeye ana hasira kama watu.”

Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya tatu nilimkuta amekaa kwenye ngazi. Safari hii nilikuwa sikuchukua jezi. Nilichukua daftari langu, nikamwandikia kwa maneno machache kwamba niliogopa kushindwa, na kwamba nilikuwa na jamaa yangu niliyetaka acheze. Yaani nikaandika ile sababu ya pili. Akasoma polepole. Akachukua kalamu akaandika chini yake jina lake, jina lake kamili na la baba yake, kwa hati ile ile nzuri, akalipigia mstari mara mbili. Sikuhitaji kuelezwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Bubu mbele yangu.

Fainali ilikuwa Ijumaa, baada ya Laasiri. Maalim alimwita yule refa fundi baiskeli, wakatafuta dawa ya filimbi. Ilikuwa rahisi mpaka tuliona haya kwamba hatukuifikiria mapema. Refa akapewa kitambaa cheupe. Akipuliza, na kitambaa juu. Na sisi wachezaji wote, wa pande mbili, tukisikia filimbi tunanyoosha mkono juu. Wapinzani wetu walikubali bila ya ubishi. Basi kila ilipolia filimbi uwanja mzima uliinua mikono kama darasa lililoulizwa swali rahisi. Wazee waliokuwa wakitazama walifurahi sana. Na jambo moja ambalo hatukulitarajia ni kwamba magomvi yalipungua, kwa sababu hakuna aliyeweza tena kusema hakusikia filimbi!

Miaka kadhaa baadaye nilisoma kwamba mechi za viziwi duniani huchezeshwa kwa namna hiyo hiyo, refa ana kibendera mkononi. Na si jambo la jana. Michezo ya kimataifa ya viziwi ilianza Paris mwaka 1924, na mwezi wa Novemba 2025 ilifanyika Tokyo. Karibu miaka themanini kabla ya mashindano yetu ya mbuzi watu walishajua kwamba kinachohitajika ni kitambaa tu, na mimi nikamtoa mtu kwa kukosa kitambaa.

Fainali tulifungwa, mabao mawili kwa moja. Bao la pili lilitokana na kona, na mtu aliyefunga nilikuwa nimepewa mimi nimlinde. Nikasimama pale golini, naona aibu hata kuokota mpira. Nikamgeukia yule kijana, nikaweka kiganja kifuani. Akacheka. Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti ya kicheko chake, na yeye mwenyewe hataisikia, lakini ilikuwa kubwa. Walioshinda walichinja mbuzi wao wakatualika, na pilau tukala sinia moja, mtoto wa duka na mtoto wa makaa mikono imekutana katika mfupa mmoja.

Sasa naomba niseme maoni yangu, na kama nimekosea walimu wangu watanisahihisha. Watu husema kwamba mpira unaunganisha. Nimewahi kuusikia msemo huu katika hotuba nyingi na mimi huwa nausikiliza kwa tahadhari. Mpira uliomwingiza yule kijana ndio huo huo uliomtoa. Angalieni watoto wanavyochagua upande katika chandimu. Wawili hodari wanasimama mbele, wanaita mmoja mmoja, na kuna mtoto ambaye kila siku huitwa wa mwisho, au huambiwa, “Wewe utaingia baadaye.” Hiyo baadaye haifiki mpaka adhana inaadhiniwa. Mtoto huyo anafunzwa kitu kila jioni, naye anajifunza vizuri. Na mechi za mtaa kwa mtaa tumeziona zikiishia kwa mawe. Kwa hiyo mchezo ni kama mlango, na mlango unafunguka na unafungika. Lazima pawe na mtu anayeukalia.

Maalim alipoona hayo alitubadilishia utaratibu, na utaratibu wenyewe aliutoa katika sira. Imepokewa na Ibn Umar (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi kwa masafa mawili. Wale waliozoeshwa mbio walitoka Al-Hafyaa mpaka Thaniyyatul Wadaa, mwendo wa maili tano au sita. Wale ambao hawakuzoeshwa walitoka hapo Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zuraiq, mwendo wa kama maili moja. Maalim akatuuliza, “Je, wale ambao hawakuzoeshwa waliambiwa wabaki zizini?” Tukasema hapana. “Je, waliambiwa wakimbie na wale wa maili sita wakafe njiani?” Tukasema hapana. “Basi na sisi tutafanya hivyo.” Nusu saa ya kwanza ikawa ya wasiozoea, kiwanja kifupi, magoli madogo ya mawe, na sisi wakubwa tunaokota mipira. Kisha ndiyo ikaja zamu yetu. Wenye kiburi miongoni mwetu tulichukia sana kuokota mipira, nami niliongoza kwa kuchukia.

Dada zetu nao wakauliza, “Na sisi je?” Swali hilo lilimpata Maalim hana jibu, akalipeleka kwa mkewe. Mkewe akalimaliza kwa siku moja. Akaomba ua wa nyumba ya jamaa yao wenye ukuta mrefu, wakasimamisha nguzo mbili, wakacheza netiboli Jumapili asubuhi, yeye mwenyewe akiwa refa. Nasikia alikuwa mkali kuliko mumewe. Kuna wazee walionung’unika, lakini akawakumbusha kwamba Bi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.), mara ya kwanza akamshinda, na baada ya miaka akashindwa yeye. Wale wanaodhani hijabu na michezo havikai pamoja wajue kwamba hata wakubwa wa mpira duniani waliokataza kufunika kichwa uwanjani walirudi nyuma wakaruhusu, mwaka 2014.

Yule kijana alikaa na sisi miaka mitano. Zile ishara tulizoanzia uwanjani zikaingia darasani bila ya mtu kupanga. Mtoto mmoja alimwonyesha kwa vidole idadi ya nukta za herufi, mwengine akamwonyesha madda kwa kuvuta mkono, mpaka Maalim akamhamisha kutoka nyuma akamweka ubavuni mwake, awe anawaandikia wadogo mifano ya hati. Mbao nyingi zilizotumika chuoni miaka ile ziliandikwa na yeye. Sisemi kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Alipata shida ya skuli, alipata shida ya kazi, na kuna nyumba moja walimkatalia posa kwa sababu ya masikio yake. Mpira haukuweza kumsaidia hapo. Sasa ni fundi seremala, ana mke na watoto watatu, wote wanasikia na wote wanaongea kwa mikono.

Nimeyaandika haya mwaka huu kwa sababu yamenirudia. Mwezi wa Rajabu tuliletewa mwanafunzi wa miaka 11 ambaye mguu wake mmoja ulikatwa baada ya ajali ya pikipiki. Anatembea kwa magongo mawili. Hifadhi yake nzuri, sauti yake nzuri, darasani hana tatizo. Lakini baada ya Laasiri nilimwona amekaa chini ya mkungu, ule ule, anatuokotea mpira kwa ncha ya gongo. Wazazi wawili wakanijia, kwa nia njema naamini, wakaniambia nisije nikamwingiza, ataumia, na watoto wao watalaumiwa. Nilikaribia kukubaliana nao. Ni rahisi sana kukubali jambo ambalo mwenyewe hana wa kumsemea.

Usiku nikakumbuka kwamba timu ya taifa ya Tanzania ya wachezaji waliokatwa viungo, Tembo Warriors, ilikwenda Kombe la Dunia Uturuki mwaka 2022 ikafika robo fainali. Katika mchezo huo wachezaji wa ndani wanacheza kwa mguu mmoja na magongo, na kipa ni mwenye mkono mmoja, upande mmoja watu saba. Nikamtafutia mtoto picha zao katika simu. Alizitazama mpaka chaji ikaisha. Kisha akaniuliza, “Maalim, hao magongo yao ni kama haya yangu?” Nikamwambia sijui, twende kwa fundi tukaulize.

Fundi tuliyemwendea mnamjua. Aliyapima magongo, akayageuza, akayapunguza kidogo, akaifunga mipira chini ili yasiteleze mchangani. Hakutaka pesa. Aliniandikia kwenye kipande cha mbao kwamba Ijumaa atakuja mwenyewe kuchezesha.

Na alikuja. Alisali Laasiri nasi, akatoka na kitambaa cheupe amekifunga kifundoni mwa mkono. Alikata kiwanja nusu, akaweka mawe ya goli, akawagawa watoto yeye mwenyewe kwa kuwagusa mabegani, asimwachie mtu nafasi ya kuchagua. Yule wa magongo alimgusa wa kwanza. Wale wazazi wawili walikuwa wamesimama kando ya uwanja, nami nilikuwa kando yao, na moyo ulikuwa unanienda mbio, sikufichi. Dakika ya nne au ya tano mtoto alianguka. Watoto wote wakanyoosha mikono juu. Fundi hakupandisha kitambaa. Alimtazama tu mtoto, akasubiri, na mtoto akajivuta kwenye gongo lake moja, akasimama, akaufuata mpira ambao bado ulikuwa unakwenda.